Wingu Refu Kutoka Bambu

Jumatatu, tarehe 5 Septemba 2005

Leo shule zimefunguliwa. Yetu hapana. Paa lake liliondoka wakati wa vita vya mwaka juzi na bado halijarudi. Mwalimu wa jografia asiye na paa anabaki na anga lote. Nimekaa mbele ya nyumba, hapa mtaa wa Lumumba, Bunia, tangu chai ya asubuhi mpaka sombe ya mchana, nikitazama mawingu yanavyopanda kutoka upande wa Ziwa Albert. Moja lilifanana na askofu aliyelala chali. Nikalifuata kwa macho mpaka likawa godoro, kisha likawa moshi, kisha halikuwa kitu. Sijui muda ulipita vipi.

Nimefikia uamuzi. Blogu yangu, "Mawingu ya Bunia", inataka utaratibu. Naiandikia katika cyber ya Ambroise, kando ya boulevard, na wasomaji ninao: Kampala, Beni, Kisangani, hata mmoja Ubelgiji. Ni watu wa hapa waliokimbia. Lakini wanasoma ovyo kwa sababu mimi naandika ovyo. Leo wingu, kesho mbuzi wa jirani. Msomaji hajui aje siku gani kutafuta nini. Namhurumia.

Mpango: kila siku na somo lake. Jumatatu mawingu. Jumanne adabu. Jumatano ndoto. Alhamisi mapishi (kumwuliza Bibiane). Ijumaa sauti za asubuhi. Jumamosi Milima ya Buluu inavyoonekana kwa mbali. Nimeandika yote kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Bibiane, mke wangu, ameuliza kama mlango huu nao ni wa serikali.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Agathe, mama kijana aliyekimbia Bambu na mtoto wake mgongoni, ambaye Bibiane amempa chumba cha nyuma, huimba akipika. Tena huimba kwa pua. Wimbo hauna maneno, hauna mwisho. Mtu anayepanga mambo makubwa anahitaji kimya. Nimemweleza Bibiane. Amenijibu kwamba yule mama amepotezana na bwana yake, hajui kama iko muzima, na akitaka kuimba kwa pua ataimba kwa pua.

Jumanne, tarehe 6

Nimetuma makala juu ya adabu ya kupiga hodi. Nadhani ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Inaanza na sauti ya hodi ya babu yangu, iliyokuwa ndefu kama mtu anayenyoosha miguu baada ya safari.

Nikangoja maoni. Yakaja. Mmoja anauliza kama barabara ya Nizi iko wazi. Mwingine anauliza waliotoka Bambu wamepokelewa wapi. Wa tatu ametaja jina la mama yake, na la shangazi yake, na anaomba mtu yeyote aliyewaona aseme. Hakuna aliyetaja hodi. Wameingia wote bila hodi, tena katika makala ya hodi.

Kosa ni la Blanchard. Blanchard hutengeneza redio na ana blogu yake, anaiandikia katika cyber hiyohiyo. Blogu yake ni kama mfuko wa mtu aliyehama haraka: barabara, mpira, nguruwe waliopotea, nani kaonekana sokoni, yote pamoja, kwa herufi kubwa. Leo nimekuta watu wamesimama nyuma ya mgongo wake, wakisoma kabla hajamaliza kuandika. Amewazoesha vibaya wasomaji wa mji mzima.

Basi nimetunga sheria na kuiweka juu kabisa ya ukurasa: kwa faida ya wasomaji, maoni yote yahusu somo la siku, mengine yatafutwa. Halafu nikafuta. Ukurasa ukabaki safi kama uwanja uliofagiliwa kabla watoto hawajaamka. Nilikaa nautazama mpaka Ambroise akauliza kama nimelala.

Nyumbani nilimweleza Bibiane, nikitazamia sifa. Aliacha kuchagua maharage.

"Ulifuta?"

"Nilipanga."

"Weye ulifuta watu, Papa Béné."

Ananiita hivyo kwa ajili ya binti yetu Bénédicte, aliyeolewa Beni. Akasema tena, polepole, bila kunitazama: "Kama Béné angeuliza juu yetu pale, nani angemufuta?"

Nimesema Béné angejua kuuliza chini ya somo linalofaa. Tangu hapo Bibiane hajasema nami.

Jumatano, tarehe 7

Asubuhi risasi zimesikika mbali, upande wa kaskazini, kama mtu anayepiga mikeka. Kisha watu wakaanza kuingia kwa barabara ya Nizi, magodoro kichwani. Kutoka kwenye kiti changu yalionekana magodoro tu, yakielea juu ya ua wa miti, meupe na ya kijivu, yakienda kusini bila haraka. Nimeshawahi kuona mawingu ya namna hiyo wakati wa mvua ya asubuhi. Nilitaka kukimbilia cyber niyaandike kabla hayajapotea.

Bibiane alinitia mkononi bidoni, dumu la maji. Hakusema neno, kwa sababu hasemi nami, lakini bidoni lilijieleza. Tukasimama barabarani tukigawa maji. Agathe alikuwa mbele yetu na mtoto wake Plamedi mgongoni, akiuliza kila aliyepita: Bambu? Kuna mutu wa Bambu? Wengi walitikisa kichwa. Mama mmoja mzee aliniuliza kama hapa ndiyo Bunia. Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini palepale, kama mtu aliyefika kwenye kiti chake.

Mchana nikaenda cyber. Blanchard alikuwa amekalia mashini nzuri ya kompyuta, ile ya dirishani. Ile nyingine haina herufi A. Kibonyezo kipo, kimelegea kama jino, lakini ukikibonyeza hakuna kitu. Kiswahili bila A ni taabu ambayo simtakii adui. Nilijaribu kuokota A kutoka makala za zamani na kuzibandika moja moja. Nilichoka kwenye sentensi ya pili, nikazifuta zote. Nikatuma hivyohivyo. Makala ya ndoto imetoka na kichwa "Ndoto y Mwlimu Siku y Mvu".

Blanchard aliniambia kwa upole kwamba atamaliza upesi, anaandika majina ya waliofika leo. Nikamwambia asijali, mimi si mtu wa haraka. Kisha nikakaa nyuma yake nikipumua kwa nguvu.

Hakuna maoni. Hata moja. Sheria yangu inaheshimiwa.

Alhamisi, tarehe 8

Ushindi.

Kuna msomaji. Anajiita Dany, yuko Kisangani. Ameandika chini ya makala ya mawingu ya Jumatatu, na nimeyanakili maneno yake kwenye karatasi ili nisiyapoteze:

"Mwalimu, nimesoma sheria yako. Basi nauliza juu ya wingu. Ni wingu refu, jembamba. Linachechemea kidogo mguu wa kuume. Lilitoka Bambu siku ile ya moshi, na kawingu kadogo mgongoni, mimi nikiwa safarini huku. Likiwa na kazi linaimba kwa pua. Limepita Bunia? Ukiliona usilifukuze. Ongea nalo polepole, linaogopa kelele."

Nimesoma mara nyingi. Wingu linalochechemea! Miaka yote nimefundisha kwamba mawingu husukumwa na upepo, na haikunijia hata siku moja kwamba yanaweza kuchechemea. Na kuimba kwa pua, ambayo kwa binadamu ni tabia mbaya, kwa wingu ni jambo la kupendeza mno. Nimerudi nyumbani kwa miguu taratibu, nikitazama juu, nikakanyaga shimo.

Nimemjibu Dany kwamba kwa kawaida mawingu yetu hutoka ziwani, si Bambu, lakini nitakuwa macho.

Nilitaka kumwonyesha Bibiane. Bado hasemi nami. Agathe alikuwa jikoni na wimbo wake. Nilifunga mlango nipate kufikiri juu ya wingu la Dany.

Jumamosi, tarehe 10

Wanamiminika. Kisangani, Kampala, Beni, yule wa Ubelgiji pia. Mapishi nimeyaacha, sauti za asubuhi nimeziacha. Wasomaji wamechagua mawingu, na mtu anayewapenda wasomaji hubadili mpango.

Wanachoandika ni ajabu. Wingu nene lenye kikohozi, lililouza chumvi Nizi, likipenda kubishana bei. Mawingu mawili mapacha, moja lina alama ya moto shingoni, la pili linamshika mwenzake mkono kila mara. Wingu la mwalimu wa kwaya, limevaa koti la kijani hata jua likiwaka. Sikujua watu wetu wana macho namna hii. Huenda ni kwa kuwa mbali. Mtu akiwa mbali na anga lake huliona vizuri zaidi.

Shida ni kuyapanga. Nilianza na majina ya kisayansi, kama nilivyofundisha. Haikufaa. Wingu lenye kikohozi utaliweka wapi? Nimeketi kwenye mashini nzuri (Blanchard alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi anaandika majina) nikafikiri sana. Jografia inauliza kwanza: mahali. Basi nimeyagawa kwa mahali yalipopandia, Nizi peke yake, Bambu peke yake. Ndani ya mahali, kwa ukubwa: mawingu wazee, mawingu akina mama, vijana, vidogo. Ndani ya ukubwa, kwa alama. Sasa mtu akitaka wingu dogo la Nizi lenye kovu la goti, analifikia mara moja. Nani atalitaka sijui. Lakini uzuri wa utaratibu ni kuwepo.

Ambroise amesimama nyuma yangu muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, hii kitu unafanya ni ya maana sana." Nimekubaliana naye.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa Bibiane amesema nami. Amesema: "Leta chumvi." Nimeona mlango umefunguka.

Basi jioni tukiwa mezani, Bibiane, Agathe na mtoto, nikatoa karatasi yangu. Nikawaambia watasikia maandishi ya msomaji wangu bora. Nikasimama. Nikasoma kwa sauti ile niliyoitumia darasani mvua ikipiga bati.

Nilipofika kwenye mguu wa kuume Bibiane akaweka kijiko chini. Nilipofika kwenye kuimba kwa pua Agathe akasema, "Papa, soma tena."

Nikasoma tena. Ni kweli inasomeka vizuri mara ya pili.

"Soma tena pale ya moshi."

Nikasoma. Alikuwa amemshika Plamedi kwa nguvu hata mtoto akaanza kulia, na yeye pia alikuwa analia, bila sauti, machozi yakiingia kwenye bugali. Sijawahi kuona fasihi ikimpiga mtu hivyo. Nikamweleza kwamba siri iko katika kulipa wingu tabia za binadamu.

"Nani aliandika?" akauliza.

"Dany. Wa Kisangani. Ana kipaji."

Bibiane alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu harusi yetu, siku ile niliposahau pete Mudzipela.

"Anselme," akasema. "Haiko wingu. Iko mutu. Iko huyu."

Nikamtazama Agathe. Ni mrefu, ni kweli. Mwembamba. Nikamwomba asimame atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akatembea. Nikasema inawezekana kuna kufanana.

"Iko bwana yangu," Agathe akasema. "Iko muzima." Akarudia hivyo mpaka mtoto akanyamaza. Mimi pia nilikaa chini. Nikaikunja karatasi mara nne.

Jumatatu, tarehe 12

Tumekwenda cyber sote, hata mtoto. Blanchard aliinuka mara moja akampa Agathe mashini nzuri. Kwangu hajawahi kuinuka.

Agathe hajui kuandika kwa mashini, basi nimeandika mimi, yeye akisema. Kwanza alitaka kusema, "Dany, ni miye Agathe, niko hapa." Nilimkumbusha sheria ya ukurasa. Bibiane alifungua kinywa. Agathe akamwambia amwache Papa, haidhuru, Dany atajua.

Akafikiri kidogo. Halafu akasema, na mimi nikaandika:

"Miye ni wingu. Niko Bunia, kartie Lumumba, nyuma ya nyumba ya mwalimu. Mguu unauma kidogo tu. Kawingu kameota meno mawili na kanauma kila kitu. Hatukuona mvua mbaya tena. Siye tunakungoja."

Nilitaka kubadilisha "kanauma kila kitu", nikaona ni nzito kwa wingu. Ambroise, Blanchard na Bibiane walisema kwa pamoja niache. Nikaacha. Kwenye mashini jirani mtu asiyejulikana alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Nikiri hapa peke yangu: sentensi ile ya mwisho ningependa niwe nimeiandika mimi.

Jumatano, tarehe 14

Nimetembelewa na serikali. Bwana Alphonse, wa usalama, miwani myeusi. Alikalia kiti changu mbele ya nyumba, mimi nikasimama.

"Mwalimu, wingu maana yake nini?"

Nikamwambia: mvuke wa maji uliopanda na kupoa.

"Hapana unichezee. Watu wa Kampala wanaandika wingu. Watu wa Kisangani wanaandika wingu. Wingu refu, wingu fupi, wingu limetoka Nizi. Na ile makala ya siku ya ndoto, haina A hata moja. Iko maneno ya siri ya kikundi gani?"

Watu wamefungwa mjini humu kwa kidogo kuliko hicho. Bibiane alitoka akasimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Nikasema twende cyber, aone mwenyewe. Akaenda. Akakaa kwenye mashini mbovu, akabonyeza A. Akabonyeza tena. Akaondoa miwani, akabonyeza kwa kidole cha mkono mwingine. Ambroise akamwomba radhi, akasema kibonyezo kipya kimeagizwa Kampala.

Nikaona nafasi ya kufundisha. Nikamweleza jinsi jua linavyopasha ziwa, mvuke unavyopanda mteremko wa Milima ya Buluu, unavyokutana na baridi ya huku juu na kukumbuka kwamba ulikuwa maji. Nilieleza kwa muda mrefu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anatazama feni ya dari, ambayo haizunguki.

"Na wingu la muzee," akasema, "iko pale?"

Nikamwuliza la wapi.

"Lilibaki Nizi. Halikukubali kutoka, lilisema ng'ombe itabaki na nani. Sikio ya kushoto haisikii. Ukiliita, uliite upande wa kuume, kama hapana litapita tu." Akavaa miwani. "Andika. Jina langu usiandike."

Niliandika, nikaliweka mahali pake: Nizi, wazee, masikio. Nikamwuliza anaonaje mtindo wa blogu. Akasema mtindo uko sawa. Kisha akapeana mkono na kila mtu ndani ya cyber, mmoja mmoja, akaondoka.

Sasa hata serikali inanisoma.

Ijumaa, tarehe 16

Wizi. Blanchard amechapisha mawingu yangu.

Nimefika cyber nikakuta karatasi zimebandikwa ukutani nje, chini ya bati, kwa mpangilio wangu uleule: Nizi upande huu, Bambu upande ule, wazee, akina mama, vijana, vidogo. Ambroise ametoa karatasi na wino bure. Mbele ya ukuta watu wamejaa mpaka barabarani, wengi wametoka kambini, wanaojua kusoma wakiwasomea wasiojua. Pikipiki zinapiga honi hazipati njia. Na Blanchard amesimama kwenye ngazi anabandika zaidi, kama karani wa misa.

Nikamwuliza kwa utulivu kama anajua maana ya haki za mwandishi. Akashuka, akanivulia kofia yake.

"Prof," akasema, "miye ninaandika majina mengi, lakini ovyo, mutu hapati kitu. Kupanga kama weye siwezi. Unisamehe."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikasema makosa ya kubandika yapo: wanyooshe karatasi ya tatu.

Lakini wasomaji wa namna ile wanaumiza. Hawasomi mpaka mwisho. Mama mmoja, Emérance, anayewapikia wakimbizi pale parokiani, alikuwa anapita na masufuria yake. Alisikia kijana mmoja akisoma "uliite upande wa kuume". Akasimama. Akasema kwa sauti kubwa: "Kumbe. Siku zote nimemwita upande wa kushoto, nikasema huyu muzee iko na kiburi." Akang'oa karatasi ukutani, akaondoka nayo mbio, masufuria yakilia.

Ilikuwa nakala moja tu. Nimelalamika kwa Ambroise.

Jioni Bwana Alphonse amepita mbele ya nyumba yetu. Alikuwa anatembea polepole sana, ameshika mkono wa mzee mmoja, upande wa kuume wa mzee. Hakuwa amevaa miwani. Hakusimama. Aliinua mkono tu. Nilidhani atasema kitu juu ya makala ya jana.

Alhamisi, tarehe 22

Dany amefika kwa ndege kutoka Kisangani.

Nilijua atakuja leo, aliandika (kwa lugha ya mawingu, kwa heshima ya sheria). Nilijiandaa. Nilivaa koti. Niliandaa maneno machache ya kumkaribisha kwa jina la wasomaji wote, na swali au mawili juu ya ufundi wake. Nilisimama langoni tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa ziwa, mawingu makubwa, meusi chini na meupe juu, na nikajisahau kidogo katika kuyatazama. Niliposhusha macho mtu alikuwa ameshanipita. Mtu mfupi, aliyejaa vumbi, begi begani, na beseni jipya la kuogea mtoto mkononi.

Hakupiga hodi.

Agathe alikuwa motoni anakoroga, akiimba kwa pua. Kisha wimbo ukakatika.

Nimeutaka ukimya huo tangu mwezi uliopita. Ulipokuja sikujua niufanye nini. Upepo ulisimama. Bibiane alitoka ndani, akaona, akarudi ndani. Mimi nilibaki na koti langu. Nyuma ya nyumba hakukuwa na neno hata moja, ila mtoto akipiga beseni kwa kiganja, mara moja, mara moja, kama anayejaribu ngoma. Kisha mvua ikaanza, na hakuna aliyekimbia.

Nilingoja mpaka wamekula. Ndipo nikamwuliza Dany anaonaje makala ya hodi.

"Papa," akasema, "zote nilizisoma. Kila siku. Nilikuwa naogopa kuruka mstari." Akanishika mkono kwa mikono miwili, na hakuuachia. Nilisahau swali la pili.

Amesema watakwenda kuishi Kisangani kwa sasa. Bibiane amelia, kisha amewafungia maharage.

Jumamosi, tarehe 24

Wameondoka. Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi nilijikuta naimba kwa pua. Nikaacha.

Habari mbaya: wasomaji wanapungua. Dany hajaandika tena. Yule wa mapacha hajaandika tena tangu mtu wa kambini amjibu. Yule wa wingu la chumvi aliandika neno moja tu, "Asante", halafu kimya. Nimechunguza jambo hili kwa makini, na mwelekeo ni wazi: anayepata jibu harudi.

Nimemweleza Bibiane. Amesema, "Papa Béné, wamepata watu wao. Si ndiyo vizuri?"

Nimemjibu kwamba msomaji wa kweli hubaki hata akipata. Kosa ni la mawingu yenyewe. Ni somo linalopita. Watu wanaliangalia, linakwenda, nao wanakwenda nalo. Mtu hawezi kujenga blogu juu ya mvuke.

Basi nimefuta mlango na kuandika mpango mpya. Kuanzia Jumatatu: mawe. Mawe ya mito, mawe ya machimbo, mawe ya kusagia. Mawe hayaendi popote. Bibiane ameuliza, na wale ambao bado wanatafuta? Nimesema msomaji mzuri hufuata utaratibu. Amecheka, jambo ambalo silielewi, na akaenda kumweleza Blanchard.

Nimeshatangaza leo kwenye ukurasa, na sheria iko juu kabisa: maoni yahusu mawe tu. Kabla sijatoka cyber maoni ya kwanza yakaingia, kutoka kwa mmoja anayejiita Gentille, wa Aru. Anauliza juu ya jiwe moja jeusi, jororo, lenye pengo mbele, linalopenda kucheka hata likiwa na njaa. Lilionekana mara ya mwisho kwenye daraja la Nizi limebeba mashini ya kushona.

Nimefurahi sana. Hatimaye nimepata mtu anayeelewa mawe. Nimemwambia awe na subira, nitaliweka kwenye mawe ya mito.